Josho la Nyuma ya Nyumba

Nafundisha jiografia hapa Songea. Mwalimu mwenzangu alipokuwa anasafisha stoo ya shule, aliniletea ramani ya zamani ya kontua, imechakaa kwenye mikunjo. Mbele ya Hanga, sehemu ninayoijua kwa mahindi na tumbaku tu, palichorwa ranchi: uzio, nyumba ya meneja, na alama ya josho la kuogeshea ng'ombe. Nilibaki nimeduwaa. Nimekua nikiambiwa kule ng'ombe hawakai, mbung'o wanawamaliza.

Mke wangu ni daktari wa mifugo. Aliitazama ramani akasema, "Jumamosi twende."

Pale kijijini tuliambiwa mahali hapo panaitwa Kwa Meneja. Meneja wa nini, hakuna aliyejua. Tulikuta mikaratusi iliyopandwa kwa mstari, msingi wa nyumba, na nguzo za uzio zimesimama katikati ya mahindi ya watu. Nilifurahi kama mtoto.

Josho lilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Tulimwamkia, akatupeleka mwenyewe.

"Sisi tunaliita tangi la Wajerumani," alisema. "Tumelikuta."

Lilikuwa handaki refu la saruji, upande mmoja lina ngazi, limejaa maji ya mvua ya kijani. Ukingoni palikuwa na ndoo na sufuria zilizolowekwa.

Mke wangu akauliza, "Mama, maji haya mnayafanyia nini?"

"Kila kitu. Kiangazi kisima cha shule kinakauka. Haya hayakauki."

"Kunywa pia?"

"Tunachemsha kwanza."

Mke wangu aliomba kuuona mkono wa yule mama. Kiganja kilikuwa na vigaga vigumu vidogo vidogo, na mwenyewe alisema ni jembe hilo. Mke wangu hakuuachia ule mkono. Akamweleza taratibu kwamba lile lilikuwa josho, ng'ombe waliogeshwa mle kwa dawa ya kupe, na zamani dawa yenyewe ilikuwa aseniki, sumu isiyoondoka kwa kuchemsha.

Mama alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Nimelelea watoto hapa," alisema. "Sasa nalea wajukuu."

Kisha akaniangalia mimi na karatasi yangu, kana kwamba sumu nimekuja nayo. Nikaikunja ramani. Furaha yote ya asubuhi ilinitia aibu.

Mke wangu alipeleka chupa za maji na tope maabara. Majibu yalipokuja aliyasoma mara mbili, akanipa mimi nisome, kisha akampigia mwenyekiti wa kijiji. Wanakijiji walizungushia josho miiba wiki hiyo hiyo. Hospitalini, wajukuu walionekana wazima. Bibi yao akaambiwa vile vigaga si vya jembe, na awe anarudi kuangaliwa.

Tuliporudi kumjulia hali, hakutukaribisha ndani. Alikuwa anapukuchua mahindi uani.

"Mmenichukulia maji yangu," alisema. Baadaye kidogo akauliza, "Hiyo karatasi yako haina kisima?"

Swali hilo halikuwa limenijia kabisa. Niliitandaza ramani juu ya gunia, tukainama wote watatu. Bondeni, chini ya mikaratusi, palikuwa na doa la buluu: chemchemi. Tulishuka, tukang'oa matete, tukafukua kwa jembe lake mpaka maji yakaanza kutoka polepole, kwanza ya tope, halafu meupe. Mama akachovya kidole, akakitazama.

"Msiyanywe," mke wangu akasema, akijaza chupa. "Ngojeni nikayapime."

Yalikuwa safi. Mama alipopewa habari alisema kule ni mbali na mlima wa kurudi na ndoo ni mkali. Nikamwambia ni kweli. Siku hizi anateka huko yeye na wajukuu, na kila tukienda anatueleza habari za mlima kabla hatujakaa.