Mingaw, na Kazi ya Kusema “Mimi”

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Bunia, nilikuwa mjamzito, nikawa na homa, kisha nikafiwa na mume, yote kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa mkalimani katika kliniki ya shirika moja la misaada, nikimgeuzia daktari mgeni Kiswahili kuwa Kiingereza. Asubuhi ile Mkuu wa Ofisi alinikalisha na kunipa sheria moja tu.

“Mama, mugonjwa akisema ‘niko naumwa’, na weye sema ‘niko naumwa’. Usiseme ‘yeye’. Siye tunataka sauti yake, hatutaki yako.”

Ndivyo tulivyofanya kazi wakati wetu, ninyi vijana mnaotegemea simu iwatafsirie. Mkalimani alikaa nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ili mgonjwa na muuguzi watazamane wao kwa wao. Hakupunguza neno, hakuongeza. Mwanzoni nilichukia. Kumwambia mgeni “nimefiwa” huku mume wangu yuko nyumbani anakunywa chai niliona ni kujitakia balaa, na jioni nilimtazama sana kuhakikisha anapumua.

Baadaye nilipelekwa Mambasa, ambako nikawa wapasua mbao walioumia na wachimbaji wenye kikohozi. Kisha nikarudishwa Bule, nilikozaliwa, chini ya Muuguzi Mkuu, mwanamke wa Ufilipino kutoka kisiwa cha Cebu. Alikuwa mkali, mikono isiyonawiwa aliiona tangu mlangoni. Kila Jumapili alimpigia mama yake simu kwa Kisebuano, na kila mara neno moja lilirudi: mingaw. Udadisi ndio ugonjwa wa kazi yetu, nikamuuliza maana yake.

Alinieleza kwamba Kiingereza hulikata vipande vitatu: mahali palipobaki bila watu, mtu aliye peke yake, na kumtamani aliye mbali. Kwao ni neno moja. Nyumba ikibaki tupu ni mingaw, na aliyeiacha anaona mingaw. Nikatafuta la kwetu, nikapata ukiwa, upweke na hamu. Na sisi tulikuwa na vipande tu, nikamwonea wivu.

Kisha mapigano yakafika, Bule ikakimbiwa. Kliniki iliwafuata watu hadi kambini, pembeni mwa Bunia, na mama yangu mzazi alikuwa miongoni mwao. Alikataa kuhamia kwangu, mtaa wa Rwambuzi mjini, akisema akikaa kwenye nyumba nyingine atakuwa amekubali kwamba harudi tena. Halafu akaacha kula. Niliogopa kwamba nitamzika kambini.

Siku alipoletwa kliniki, wakalimani wenzangu walikuwa vituo vingine. Sheria ilikataza kumtafsiria ndugu, lakini hakukuwa na mwingine. Nikakaa nyuma ya bega la mama. Muuguzi Mkuu akauliza anaumwa wapi, nami nikauliza. Mama alijibu bila kugeuka.

“Nyumba yangu imebakia yenyewe. Hakuna mutu anawashaka moto. Roho yangu iko kule.”

Nilifungua mdomo niseme “nyumba yangu”, kama nilivyosema kwa ajili ya watu wengi. Lakini nyumba ile nilizaliwa humo. Kiingereza chote kikanikimbia, nikasema neno moja tu: mingaw.

Muuguzi Mkuu alivua glavu. Akavuta kiti, akakaa, akaishika mikono ya mama. Kisha akaniagiza niache kazi siku hiyo, nipike, nile na mama sahani moja. Nikapika bugali na maharagi. Mama alikula matonge machache, na kesho yake akaongeza. Mwishowe alikubali kuja Rwambuzi, kwa sharti kwamba aitwe mgeni.

Sasa nimestaafu. Muuguzi Mkuu alirudi kwao, na akipiga simu husema sasa Bunia ndiyo inayompa mingaw. Mimi naitamani kazi ile, hata harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Wala tabia ya kusema “mimi” haijanitoka. Juzi tulikuwa tunachambua maharagi, mama akasema anataka kurudi kwetu. Bila kufikiri nikarudia kwa sauti:

“Niko nataka kurudi kwetu.”

Mama akaniuliza ninamtafsiria nani, na wageni wote wameenda.

“Hakuna mutu, mama,” nikamwambia. “Hiyo iko yangu.”