Mzizi Uliochunwa Pande Zote

Shangazi yangu alikuwa mkali kwa mambo mawili: mizizi na siku. Nyuma ya nyumba yake, kati ya kamba ya kuanikia nguo na ukuta wa jirani, palikuwa na vichaka vitatu ambavyo sisi wa nyumbani tuliviita miti ya tumbo. Alifukua kwa kijiti, si kwa jembe, mpaka mzizi uonekane. Akachuna gome la upande mmoja tu, kipande cha urefu wa kidole, kisha akarudisha udongo na kuupigapiga kwa kiganja kama anayemlaza mtoto. Ukichuna kuzunguka, mzizi unakufa. Nilikosea hivyo mara moja nikiwa na miaka kumi, akaninunia kutwa nzima.

Magome aliyaanika kivulini, akayatwanga, akayachemsha mpaka maji yawe mekundu. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, siku tatu. Siku ya nne hakupi hata ulie machozi ya damu.

"Nenda hospitali," alikuwa akisema. "Mizizi yangu imeshasema yote."

Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Siku Tatu. Fundi viatu wa pale kona alimtania kwamba hata mume angempa siku tatu.

"Wewe ningekupa moja," akamjibu.

Mwaka jana akaanza kupungua. Mimi ni fundi cherehani, kupungua kwa mtu nakuona kwenye nguo kabla ya uso. Nililibana gauni lake mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

"Shangazi, unaumwa?"

"Uzee, mwanangu. Nyama zinahama, mifupa inabaki kulinda nyumba."

Nilicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Alipolileta gauni mara ya tatu nilikataa kulibana, nikamwambia twende hospitali. "Kesho," akasema. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Jumamosi moja nilikwenda kumfulia. Naanika shuka, naona majani ya miti ya tumbo yamekuwa manjano. Damu ikanichemka. Nani ametuibia? Nikachukua kijiti nikafukua. Mzizi ulikuwa mweupe pande zote. Wa kichaka cha pili, vivyo hivyo. Nilikuwa tayari kwenda kugombana na jirani, midomo imeshajaa matusi, ndipo nikautazama udongo wa kichaka cha tatu. Ulikuwa umesawazishwa, na alama ya kiganja ilikuwa juu yake. Mwizi hafuniki mzizi.

Niliingia ndani na mikono michafu. Alikuwa ameketi kitandani, kikombe mkononi.

"Tangu lini, Shangazi?"

"Miezi minne."

"Minne! Na sisi wote ulitupa siku tatu?"

Akakiweka kikombe chini. "Mwenzangu akiogopa hospitali siku ya nne, namfukuza aende. Mimi nilikosa wa kunifukuza."

Siku hiyohiyo nilimpeleka. Daktari alimbonyeza tumbo, akauliza limeanza lini, kisha akaniita nje peke yangu. Tulimzika baada ya wiki tano. Msibani watu walisema mganga hajigangi. Si kweli. Alijiganga kupita kiasi, na mimi nilikuwa nambania gauni.

Vichaka vyote vitatu vimekauka. Juzi fundi viatu alikuja kibandani kwangu, ameshika tumbo, amejikunja.

"Binti, shangazi yako hakukuachia hata gome moja?"

"Hakuna kitu, mzee. Limekuuma siku ngapi?"

Akahesabu vidole, akaficha mkono.

"Twende hospitali."

"Nitakwenda kesho, binti. Leo nina viatu vya watu."

Kesho hiyo naijua. Nilifunika cherehani, nikamshika mkono, tukaenda.