Bangi ya Kijiji

Siku hizi nikisikia watu redioni wanabishana jinsi bangi inavyopaswa kuruhusiwa katika nchi za wenzetu, nani auze, nani avute, avutie wapi na awe na umri gani, huwa nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza nimeona nini. Mambo hayo sisi tulishayajadili zamani, katikati ya miaka ya sabini, ndani ya banda la kukaushia tumbaku, katika kijiji kimoja cha Kibondo kando ya barabara iendayo Kasulu. Tuliyapitisha, tukayatekeleza, na tukayaharibu. Wangetuuliza tu, tungewapunguzia kazi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale, msichana mwenye cheti kipya na sauti kubwa. Niliishi na bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyenilea. Bibi alikuwa na magoti mabovu. Mchana alijikokota, akamenya mihogo, akafukuza kuku wa watu. Jioni maumivu yalipopanda alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya nyumba, akajaza kiko kidogo cha udongo, akavuta taratibu, kisha akaenda kulala na usingizi ukaja. Asipovuta hakulala, na asipolala alilia. Mimi kilio cha bibi kilinikata maini, basi sikutaka kabisa kiko kile kikose kitu ndani yake.

Kitu chenyewe hatukukiita bangi. Bangi ilikuwa ya wahuni wa mjini, nami niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba inatia wazimu. Cha bibi kiliitwa urumogi, kwa Kiha chetu, na kilikuwa dawa ya magoti. Asubuhi nilisimama ubaoni nikiikemea bangi, jioni nikampelekea bibi kaa la moto la kuwashia urumogi, wala sikuona kama kuna jambo haliendi sawa.

Na pasingekuwa na maneno yoyote kama si kuhamishwa. Kule kilimani tulikokaa kwanza, kila nyumba ilizungukwa na migomba yake, na ukimtaka jirani ilibidi upaze sauti. Miche ya bibi ilikaa nyuma ya migomba na haikumsumbua mtu. Kisha likaja agizo la watu wote kuishi pamoja. Malori yakaja, mapaa yakaezuliwa, tukashushwa barabarani kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Bibi alishuka na kigoda, kiko, sufuria mbili, na mbegu alizozifunga kwenye pindo la kitenge. Akazipanda nyuma ya kibanda chetu kama alivyozoea. Taabu ni kwamba katika kijiji kipya nyuma ya nyumba yako ni mbele ya nyumba ya mwenzako. Nyuma yetu sisi palitazamana na choo cha katibu wa kijiji, ambacho ukuta wake uliishia kifuani, na katibu alikuwa mtu wa kukaa sana humo.

Katibu yule aliletwa kutoka mkoa wa mbali na alikuwa na bidii ya mgeni. Siku moja alinisimamisha njiani natoka shuleni.

"Ndugu mwalimu, ile miche nyuma ya nyumba yenu ni ya nini?"

"Ni dawa ya bibi."

"Ile ni kesi," akasema. "Na wewe ni mtumishi wa serikali."

Niliogopa, sitaki kusema uongo. Sheria ilikuwa sheria, wala haikuwa na kifungu cha magoti. Nilimwona bibi kichwani mwangu yuko rumande, juu ya sakafu ya saruji, nikakosa hata hamu ya kula. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu wa hapa hapa, nikamwomba amnusuru. Mwenyekiti alinisikiliza kwa huruma nyingi mno. Baadaye nilielewa kwamba baba yake mwenyewe alikuwa na miche kama hiyo katikati ya mahindi. Akasema jambo hili ni zito, haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, litapelekwa kwenye mkutano.

Mkutano ulifanyika katika banda la kukaushia tumbaku kwa sababu ndilo lilikuwa paa kubwa kuliko yote. Tumbaku ilikuwa zao letu la heshima. Serikali ilitupa mbegu, bwana shamba, na sifa tukivuna nyingi. Kwa hiyo tulikaa chini ya majani yanayovutwa, yaliyoning'inia juu ya vichwa vyetu mpaka machozi yakatutoka, tukajadili hatari ya majani yanayovutwa.

Katibu alifungua kwa kusema bangi ing'olewe yote, maana mlevi hajengi taifa. Alisema hayo akiwa ameshika nguzo, kwani alikuwa ametokea moja kwa moja kwenye pombe ya ndizi. Mwenye duka, mtu wa Ujiji aliyehamia kwetu kwa ajili ya biashara, alisema kwa adabu kwamba yeye dini yake haimruhusu kuonja wala kunusa, ila kwa faida ya kijiji angekuwa tayari kuiuza. Iuzwe dukani, alisema, kwa saa maalumu, kama bia inavyouzwa, na watoto wasihudumiwe. Mama mmoja mpika pombe alisimama kwa hasira akasema huko ni kuua riziki za watu, kwa sababu mwanamume akishavuta hilo jani anakaa kimya nyumbani, hanywi. Wanawake wengine wakatazamana. Nadhani ndilo neno lililoipatia bangi kura nyingi kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Wazee walitaka ivutwe na wazee tu, kwa kuwa kijana akivuta hatashika jembe. Kijana mmoja akajibu kwamba anayeshika jembe ndiye anayechoka, na anayechoka ndiye anayehitaji kupumzishwa, kwa hiyo wazee, ambao kutwa wamekaa, hawana haja nayo. Aliambiwa akae. Katekista akasema yeye hapingi ila isivutwe Jumapili kabla ya ibada. Walibishana juu ya umri, juu ya kipimo, juu ya kuvuta karibu na kisima, na kama mgeni kutoka kijiji kingine apewe au asipewe. Jina la bibi halikutajwa hata mara moja. Yeye mwenyewe alikuwa nyumbani, kwa sababu banda lilikuwa juu kabisa, mwisho wa mstari wa mwisho wa nyumba, na magoti hayakumruhusu kuhudhuria.

Ndipo mwenyekiti akasimama. Alikuwa na kipaji cha kusubiri watu wachoke.

"Ndugu wananchi," akasema, "mimi naona tatizo si jani. Tatizo ni ubinafsi. Jani likiwa la mtu mmoja, nyuma ya nyumba yake, huo ni uhalifu. Likiwa la kijiji, hilo ni jambo la maendeleo. Na limilikiwe kwa pamoja, wakati tukisubiri maelekezo kutoka juu."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu niliona bibi ameokoka. Miche ikiwa ya kijiji, nani atamkamata bibi? Nilirudi nyumbani mbio kumpa habari. Alinisikiliza huku akimenya mihogo, kisha akauliza, "Sasa nitaichuma wapi?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna kamati.

Kamati ilikuja kesho yake kung'oa. Walikuwa wanaume watatu, mmoja wao mume wa mama yangu mdogo, yaani mkwe wake bibi. Waliing'oa miche kwa uangalifu na udongo wake, wakaenda kuipanda nyuma ya banda kwa mistari, wakaizungushia ua. Kijiji kilikuwa na shamba la pamoja la mahindi, la maharage na la mihogo, yote yamejaa magugu mpaka aibu. Lile la nyuma ya banda sikuwahi kuliona na jani moja la gugu. Watu waliliamkia alfajiri bila kupigiwa kengele.

Kanuni zilikuwa nzuri, nakiri. Atavuta mzee mwenye maumivu, aliyethibitishwa na kamati. Atavutia bandani tu, jioni, mbele ya mwanakamati. Hakuna kuchukua nyumbani, ili vijana wasije wakapata. Wanakamati wakaanza kwa kuthibitishana wao kwa wao, na kumbe wote watatu walikuwa na migongo. Baada ya hapo maumivu yakaenea. Sikujua kijiji chetu kilikuwa na wagonjwa wengi namna ile. Hata katibu alipata kitu begani.

Bibi peke yake ndiye hakupata nafuu. Dawa ya magoti ilipatikana kwa mtu anayeweza kupanda mlima kuifuata. Jioni alikaa kwenye kigoda chake, kiko kitupu mkononi, akiangalia mashimo ambayo kamati haikuyafukia.

Nilimpandisha nyuma ya baiskeli ya shule, nikaisukuma hadi bandani, jasho likinitoka. Tulipofika, wazee walisogeza vigoda. Walimpa nafasi, wakampa majani, tena kwa heshima. Lakini mwanakamati wa zamu alikuwa mkwe wake. Na kwetu, mama mzima hali chakula mbele ya mume wa binti yake, hamwangalii usoni, hata njiani mmoja humpisha mwenzake kwa kuingia porini. Aweke kiko mdomoni mbele yake? Mkwe naye aligeukia ukutani kwa aibu. Bibi aliyarudisha majani kwenye ungo, akajifunika kitenge kichwani, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwana wanje, mwanangu, nirudishe."

Nikarudi kwa mwenyekiti. Nilimwambia bibi apelekewe nyumbani kidogo tu, ni miche yake. Akanisahihisha kwa upole kwamba si yake tena. "Ndugu mwalimu, tukimruhusu mmoja leo, kesho kila mtu atadai avutie kwake, na utaratibu wote utakuwa umekufa. Wewe ni msomi, unaelewa." Nilielewa vizuri sana. Nilitamani kumpiga kwa ubao wa shule.

Utaratibu haukufa. Ulipata sifa. Wageni wakaja kutoka Mabamba kule mpakani kuangalia ua wetu, wakarudi wakisimulia, na masimulizi kwetu hayahitaji lori. Asubuhi moja Landrova ya polisi ikasimama mbele ya banda, tena siku ambayo bibi alikuwa shuleni kwangu. Nilikuwa nimemleta kwa baiskeli ili akae juani kwenye ukuta wa darasa, maana usiku hakuwa amelala. Shule ilipakana na banda, kwa hiyo yote tuliyaona na kuyasikia.

Ofisa wa polisi alikuwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Alilizunguka lile shamba, akaangalia mistari, akaangalia ua.

"Bangi hii ni ya nani?"

Nilingoja mwenyekiti aseme ni ya kijiji. Alikuwa amesema hivyo kwa miezi, tena kwa ufasaha. Mwenyekiti akakohoa.

"Afande, haya ni majani yaliyojiotea."

"Yamejiotea kwa mistari?"

"Ardhi ya huku ina rutuba, afande."

Ofisa akamuuliza katibu. Katibu alikuwa mgeni, hajui majani ya huku. Akawauliza wanakamati, walikuwa wamepita njia tu. Akaugeukia umati wote na kuuliza tena, bangi ni ya nani, na kijiji kizima, chenye mali zake zote za pamoja, kikatazama chini. Ofisa alianza kufunga kidaftari chake. Kidogo tu angeng'oa miche akaenda zake.

"Ni yangu."

Bibi alikuwa amesimama, ameshikilia ukuta wa darasa. Nilimvuta kitenge, akanipiga mkono.

"Kaa, nyanya," ofisa akasema, "hatuzungumzi na wewe."

"Umeuliza ni ya nani. Ni yangu. Nimepanda miye, nimeitoa kwetu kilimani. Hawa waliihamisha tu."

Yule kijana alifadhaika kuliko sisi sote. Hakutaka mshitakiwa wa namna hiyo. Alimuuliza mara nyingine kama ana hakika, akimwombea waziwazi akanushe, na bibi akajibu, "Ego, ni yangu," kwa Kiha na kwa Kiswahili. Ikabidi ambebe mwenyewe kumpandisha kiti cha mbele. Mimi nilipanda nyuma, nikilia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Kibondo mjini hatukukaa sana. Hakimu alimtazama bibi, akatazama magoti yaliyovimba, akamwonya asirudie, akamwachia. Hakuna aliyeuliza habari za kamati. Tulirudi juu ya lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku ya kijiji chetu, ambayo mwaka ule ilisifiwa sana. Miche yote ilikuwa imeng'olewa, na mwenyekiti alikuwa ameshatangaza kwamba pale nyuma ya banda patalimwa kabichi.

Jioni ile magoti yalimkamata bibi vibaya. Hapakuwa na urumogi nyumbani, wala bandani, wala popote. Nilichemsha maji, nikamkanda kwa kitambaa, na kila nilipogusa alishtuka. Ndipo hasira yangu ikanitoka mdomoni. Nilimwuliza alipata faida gani. Polisi alikuwa anaondoka. Angenyamaza tu.

"Nimenyamaza sana," bibi akasema. "Waliezua nyumba yangu, hawakuniuliza. Migomba yangu wakawaachia nyani, hawakuniuliza. Babu yako yuko kule peke yake chini ya udongo, hawakuniuliza. Wakaing'oa na hii nikiwa nimekaa hapa, naangalia, hawakuniuliza." Akavuta pumzi nilipogusa goti la kushoto. "Yule kijana wa polisi ameuliza ni ya nani. Tangu tuletwe hapa barabarani, ndiye wa kwanza kuuliza."