Miti ya Vinkubala Chini ya Kundelungu

Mume wa dada yangu ni mtu wa kudharauliwa, nami namdharau kwa moyo wote. Anakaa Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, ana malori na nyumba yenye ukuta mrefu, na kila anachokiona duniani kwake ni mzigo ambao haujapakiwa. Msimu mmoja wa mvua tulikwenda naye kwa mama mkubwa, dada ya marehemu mama yetu, nje kidogo ya Kasomeno. Eti anataka kupumzika milimani.

Kutoka shambani kwa mama mkubwa unaiona Kundelungu yote: juu nyasi na ukungu, katikati mawe, chini msitu. Shemeji akauliza simba wako wapi. Alipoambiwa kuna nyani na hondohondo, na kwamba punda milia waliobaki wako mbali huko juu, akasema mlima usio na simba ni kichuguu tu. Mtu mzima, na ndevu zake.

Mama mkubwa, kwa wema wake, akampeleka kwenye mitondo yake. Miti hiyo michache ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwaka mzima, kwa sababu vinkubala, viwavi wetu wa kula, walikuwa wakijaa majani yake. Alikuwa amefunga nyasi kwenye mashina, na majirani wakiona fundo wanajua ina mwenyewe, wanapita. Vinkubala hawaguswi hadi wanenepe na waanze kushuka wenyewe. Wengine huachwa waingie ardhini, ili vipepeo wa mwaka ujao wapatikane.

Shemeji alisikia yote akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, akawaita wachoma makaa waje na msumeno wao. Tuliporudi miti yote ilikuwa chini, naye anakung'uta matawi juu ya turubai, anacheka. Hondohondo walikuwa wakiokota viwavi waliomwagika.

"Miti iko mingi, mama," alisema. "Angalia mulima yote."

Mama mkubwa alizunguka shina moja hadi jingine kabla ya kumjibu. "Mulima iko na miti yake. Mimi nilikuwa na hii."

Viwavi wenyewe walikuwa bado wadogo, tumbo limejaa majani mabichi. Walipochemshwa wakawa uji mchungu. Shemeji akatema, akasema watu wa kijiji hawajui kupika, akalala usingizi mnono. Nilitamani kumpiga.

Msimu uliofuata mama mkubwa hakuwa na cha kukausha wala cha kuuza. Shemeji akamtumia vinkubala wa kununua sokoni Lubumbashi, pamoja na unga, na tangu hapo anatuma kila mara. Mama mkubwa hupokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Mimi nageuza uso.

Huko Ruashi shemeji anamwambia kila anayekaa naye kwamba bila yeye yule mama angekufa njaa. Kinachoniuma ni kwamba sasa anasema kweli.