Jibu Nililompa Binti wa Vidonge

Nakumbuka asubuhi ile kwetu Likoni, mwanangu, bendera ikiwa bado ya Mwingereza, mwuguzi mmoja kijana alipobisha hodi. Alitumwa na zahanati aulize wake za watu kama wangevitaka vidonge vipya vya kuzuia mimba, ili zahanati ijue ilete vingi, vichache, au isilete kabisa. Mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, alikuwa uani akikuna nazi, nami nimempakata mtoto.

"Mungependa kupanga?" akauliza yule binti.

"Kupanga?" mavyaa akashangaa. "Nyumba hii yetu, mwanangu. Hatupangi kwa mtu."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Binti naye akacheka, akaeleza kuwa ni kupanga uzazi. Hapo kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimezaa watatu mfululizo, na huyo wa mwisho nusura anizike. Mkunga aliniambia waziwazi nisibebe tena upesi. Moyo ulivitaka vidonge vile kuliko chakula. Lakini nitasemaje mbele ya mkwe? Nikapaza sauti, "La, dada. Sisi twapokea akijaaliacho Mola."

Binti akashukuru, akaenda zake mbio kuiwahi feri. Mavyaa akaisukuma mbuzi ya nazi kando. "Mbona umemkatalia?"

"Nimekustahi wewe, Mama."

"Nami nimenyamaza nikupe nafasi useme! Wallahi, si mimi niliyekushika ulipokuwa wazaa? Wataka kuniachia mayatima? Haya, vaa buibui!"

Mtoto tukamwacha kwa wifi, tukatoka. Usinione hivi leo, mbio nilikuwa nazo, ila mavyaa alinipita. Tulimkuta binti kivukoni, anataka kuingia kwenye feri. Mavyaa akapiga ukelele, hata makuli wakageuka: "We binti wa vidonge! Rudi! Mkaza mwanangu avitaka!"

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake waliongoja feri wakaangua kicheko. Kisha jirani yetu, aliyemfukuza binti kwa maneno makali asubuhi ileile, akasogea taratibu. "Nami navitaka," akasema. Akaja mwingine, na mwingine, wengine wamejifunika uso kwa haya.

Binti akaiacha feri iende. "Nami nilikuwa naenda kuwaambia wa zahanati kuwa Likoni havitakiwi!"

Vikaletwa. Mimba ya nne niliibeba nilipotaka mwenyewe, nina nguvu zangu, na mtoto huyo ndiye mamako.

Basi, mwanangu, ukiulizwa jambo la mwili wako, usijibu kwa kukisia kimpendezacho aliyekaa kando yako. Pengine naye anakukisia wewe. Na ukitumwa kuuliza wenzio, mvute mtu faraghani, tumia maneno anayoyajua, tena usiwe na haraka ya feri.

Mola akujaalie uzazi wa salama, watoto wa kheri, na mkwe asiyeona haya kukupigia ukelele kivukoni. Amina.