Nilivyoshinda Hoja Nikampotezea Maman Nsimire Mashine

Sogea karibu, wewe unayesoma, maana jambo hili siwezi kulisema kwa sauti kubwa. Nimewahi kuaibika mbele ya watu (niliteleza na ndoo ya maji katikati ya soko, nikacheka pamoja na walionicheka), lakini aibu hii bado inanichoma, kwa sababu aliyeilipia si mimi.

Nina kibanda cha fotokopi hapa Kamembe, Rwanda, na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kutoka Bukavu, Kongo, huja kwangu kutoa nakala, kujaza fomu na kuandikiwa barua. Kwa kuwa napenda kueleza mambo (ukiniuliza posta iko wapi nitakueleza na nani alijenga barabara ya kwenda huko), walinipa jina la Maman Avoka, yaani mama wakili, nami badala ya kulikataa nikalivaa kama kitenge kipya. Siku moja mwanafunzi wa sheria aliniletea mkataba wa nchi nyingi, ule unaosema shirika la ndege linawajibika vipi kwa abiria na mizigo yao linapowatoa nchi moja kuwapeleka nyingine. Kurasa zilipokuwa zinatoka kwenye mashine nikawa nazisoma zikiwa bado za moto, mstari huku, mstari kule, mteja akiingia naacha. Nikatoa na nakala yangu mwenyewe, nikaiweka chini ya meza, na tangu siku hiyo nikajiona nimesoma sheria.

Sasa, Maman Nsimire. Ni mjane wa Bukavu, mteja wangu wa siku nyingi. Aliuza meza yake ya unga sokoni, ile aliyoachiwa na mama yake, akaenda Dubai kununua mashine ya kudarizi, ili yeye na binti yake wafungue atelie yao, chumba cha ushonaji, na waache kushinda juani. Tiketi ilikuwa moja: Dubai hadi Kigali, abadilishe ndege, kisha Kamembe. Mashine ilipotokea kwenye mizigo, sanduku lilikuwa limebonyea na mkono wa chuma umepasuka. Akafanya anachofanya kila mtu wa huku: akamtafuta mhusika, akamsalimu, akamwonyesha, akamweleza mbele ya watu wawili waliosimama pale, na yule mama wa mizigo akashika kifua akasema, "Pole sana, Maman, tutaangalia." Kwetu, neno likishasemwa uso kwa uso na pole ikatolewa, jambo limefika. Kudai karatasi baada ya hapo ni kama kumwambia mwenzako kwamba humwamini.

Kutoka uwanja wa ndege alikuja moja kwa moja kwangu, etiketi ya ndege bado inaning'inia kwenye sanduku.

"Maman Zuhura, bamenivunjia mashini. Uniandikie barua leo leo."

Hapo ndipo ulipo uamuzi wangu mdogo. Mkataba ulikuwa chini ya meza, karibu na goti langu. Kuinama tu! Sikuinama. Nilikumbuka kwamba kuna mahali pametajwa siku ishirini na moja, nikamshika bega, nikamwambia kwa upole wangu wote: "Tulia, mama. Tuna siku ishirini na moja. Barua nzuri haiandikwi kwa haraka."

Nikaiandika kwa Kifaransa cha kupendeza, nikaifuta, nikaiandika upya, nikatafuta neno zito zaidi, na siku zikapita kumi na mbili.

Siku ya kumi na tatu tukaenda biro, ofisi ya shirika la ndege. Kulikuwa na foleni, na nusu ya foleni ni watu wangu wa mpakani. Nyuma ya meza alikaa karani mtu mzima, mpole, miwani imeshuka puani. Akaitazama tiketi, akaitazama picha ya mashine, akafungua droo na kutoa fomu.

"Maman, mzigo uliharibika kati ya Kigali na hapa. Tuuhesabu kama wa safari ya ndani. Kwa safari za ndani shirika linapokea malalamiko mpaka mwezi mzima. Ajaze hapa tu, ntaipeleka."

Msomaji, kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Maman Nsimire.

"Hapana!" nikasema. Nilisema kwa sauti, kwa sababu foleni ilikuwa inasikiliza. Niliamini mkataba wa kimataifa utamlipa vizuri zaidi, na (nikubali tu) nilitaka waone ninavyoujua. Nikawageukia, nikaanza somo: tiketi ikiwa moja na safari imekubaliwa kuwa moja, sheria inaihesabu moja, hata ukibadilisha ndege, hata kipande cha mwisho kikiwa ndani ya nchi ileile, basi Kigali hadi Kamembe ya Maman Nsimire ni mkia wa safari ya Dubai, na fomu hiyo si yake.

"Eeh, Avoka!" mtu akapiga kelele. "Bafundishe!" Wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea zawadi.

Karani aliirudisha fomu kwenye droo, polepole, akaifunga.

"Umesema kweli, Maman. Ni safari ya kimataifa. Tufuate basi mkataba wako. Fungua artikle ya thelathini na moja, utusomee."

Nikafungua kifungu hicho. Nikasoma kwa sauti, maana sikuwa na namna ya kushusha sauti niliyokuja nayo. Mzigo ukiharibika, malalamiko yafikishwe ndani ya siku saba tangu kuupokea. Siku ishirini na moja ni za mzigo uliochelewa.

"Lakini alisema siku ileile!" nikamwambia. "Alimwambia mama wa mizigo, watu wakisikia!"

"Endelea kusoma."

Mstari uliofuata ulisema malalamiko yote yawe kwa maandishi.

Nikaomba atutolee ile fomu ya kwanza. Akavua miwani. "Maman, umeeleza mbele ya hawa wote kwamba si yake. Sasa niandike nini?"

Nyuma yangu mtu akacheka. "Weye Avoka, umemufunga muntu wako mwenyewe!" Kicheko kikapita foleni nzima, na wengine walionicheka ni wale wale walionipigia makofi.

Tulipotoka nje nilianza kumweleza Maman Nsimire, hata wakati ule nilikuwa nataka kueleza. Hakupandisha sauti.

"Sikukuombaka unifundishe, Maman Zuhura. Nilikuombaka tu uniandikie."

Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda. Fundi hajapata kipuri cha ule mkono mpaka leo, na nasikia mjane yule anauza unga kwenye meza ya mtu mwingine, kwa kazi ya kutwa. Nakala zake anatolea kwingine. Mimi nimebaki na barua nzuri ya Kifaransa.

Nawe, kama mzigo wako utatoka umeharibika, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Omba karatasi, na wakikosa tumia yako. Andika tarehe, namba ya etiketi na kilichovunjika, nakala mbili. Waachie moja, ya pili waipige muhuri au waitie sahihi, uondoke nayo siku hiyohiyo.