Alama Moja kwenye Chupa Mbili

Nilikosea tangu mwanzo, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu aliyesoma. Rafiki yangu mpima ardhi, ambaye tulikaa darasa moja chuoni, alinipigia simu kunieleza kwamba mama yake amemzuilia mtoto mgonjwa dawa na kuzitia chupa kwenye mfuko wa aproni. Nilisikitika, nikamjibu kwamba wazee wetu hawajaizoea hospitali. Nilimhukumu mwanamke yule kwa dakika moja, tena nikiwa nimekaa kitini. Mambo yalivyokuwa hasa nimeyakusanya baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa wote waliokuwapo.

Mtaa mzima unamwita Bi Pasi. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi katika jumba la kufulia lililohudumia hoteli nne. Mashuka na mataulo yalifika kwa magunia, yamechanganyika kama uji, na kila moja lilikuwa na alama pembeni, herufi kadhaa zilizoshonwa kwa uzi mwekundu kuonyesha hoteli yake. Bi Pasi hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, kwa hiyo herufi zile hazikumtolea sauti yoyote. Kwake zilikuwa nyuso. Moja ilitanguliza tumbo, nyingine ilipiga magoti, nyingine ilinyoosha mikono kama mtu anayeanika nguo. Alizitenganisha mamia kwa mamia kila siku, na mikono yake ilikwenda mbele huku mdomo ukipiga soga.

Wakati fulani msimamizi mpya, mwenye vyeti vyake, alimletea karatasi aweke dole gumba kukiri kwamba amepoteza mataulo arobaini. Bi Pasi alikifumbata kidole ndani ya ngumi, akakaa juu ya gunia la nguo chafu mpaka zamu ikaisha. Siku ya tatu mataulo yalionekana katika hoteli ambako msimamizi mwenyewe aliyapeleka kimakosa. Hakuna aliyemwomba radhi, naye hakungoja kuombwa. Alirudi kwenye kazi yake.

Alipostaafu alihamia kwa mwanawe, huyo mpima ardhi, ili amlee mjukuu wakati wazazi wako kazini. Mtoto alikuwa wa mwaka mmoja na miezi minane, mnene wa mashavu, na bibi yake alimwita mume wangu, akimlalamikia mchana kutwa kwamba ni mume gani huyu asiyeleta hata kuni. Mkwewe, mama wa mtoto, anafanya kazi katika ofisi ya bima na ni mtu wa mipango. Baina ya wanawake hawa wawili hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na adabu nyingi tu, ya watu wanaopishana mlangoni kila mmoja akimtanguliza mwenzake.

Jumatano mtoto alipata homa. Alhamisi asubuhi wakampeleka zahanati, akapimwa malaria, hakuonekana nayo. Wakapewa chupa ya dawa ya homa pamoja na bomba dogo la plastiki la kupimia, na mstari kwenye bomba ukawekewa alama ya kalamu. Jioni hiyo, kwa kuwa pua ilikuwa inatiririka, mkwe alipitia duka moja la dawa njiani akanunua na chupa ya mafua. Kisha, akijua kwamba mama mkwe hasomi, alikaa mezani akamchorea karatasi: jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama. Chini ya kila jua aliweka chupa mbili, moja na bomba, nyingine na kijiko cha chai. Bi Pasi aliusifu mchoro, ila alisema jua la jioni limefanana sana na yai lililopasukia kikaangoni.

Ijumaa alifuata karatasi ile hatua kwa hatua. Jumamosi asubuhi pia. Mchana wa Jumamosi, wazazi wote wakiwa nyumbani, alizichukua chupa jikoni ili ampe mtoto zamu ya jua la utosini, akakuta zinanata, kwa sababu dawa ilikuwa imechuruzika ubavuni. Mtu wa udobi hawezi kushika kitu kinachonata. Akalowesha kitambaa akaanza kuzifuta, ya kwanza, halafu ya pili, na mkono ukasimama. Kwenye chupa ya homa palikuwa na neno refu lililoandikwa kwa herufi kubwa katikati. Kwenye chupa ya mafua neno lile lile lilikuwa chini kabisa, limeandikwa kwa herufi za umbo lile lile, ila ndogo kama sisimizi. Alilifuata uso kwa uso kuanzia mbele mpaka mwisho, kisha akarudia. Akaingia chumbani kwake kwa muda, halafu akatoka na kwenda sebuleni bila bomba wala kijiko.

Mkwe alikuwa amempakata mtoto, ambaye alikuwa amechemka tena na kulia kwa sauti ya kukwaruza. Aliuliza kwa upole kama dawa iko tayari, maana saa saba imeshapita. Bi Pasi alizisimamisha chupa mbili mezani.

"Simpi," alisema. "Humu mna kitu kimoja, tumekuwa tukimpa mara mbili."

Mpima ardhi na mkewe wakatazamana ule mtazamo wa watu waliokwisha kulijadili jambo faraghani. Mkwe alieleza kwamba dawa hizi zimetoka kwa wataalamu, na kwamba siku hizi watoto hawaachwi wapone wenyewe. Bi Pasi akamjibu kwamba hana shida na wataalamu, shida yake ni chupa hizi. Mpima ardhi akaweka simu pembeni.

"Mama, hii imeandikwa homa. Hii imeandikwa mafua. Ni vitu viwili."

"Wewe unanisomea juu. Mimi nakuonyesha huku chini."

"Huko chini ni maandishi ya kiwandani tu."

"Basi yasome."

Hakuyasoma. Miwani yake ilikuwa garini, mtoto alikuwa analia, na mtu mzima anayeamrishwa na mama yake mbele ya mkewe hushikwa na ugumu wa shingo. Akasema neno ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, angelipa chochote kulirudisha.

"Mama, wewe hujui kusoma. Tusibishane juu ya kitu usichokijua."



"Sijui kusoma, kweli," Bi Pasi alisema. "Ndiyo maana mimi huangalia mpaka mwisho."

Mwanawe akaendelea, kwa kuwa alikwisha kuanza. Alisema labda mama amechoka, labda ingefaa akapumzike kwa dada yake mpaka mtoto apate nafuu, nao watatafuta msichana wa kusaidia. Kila mtu pale sebuleni alielewa kupumzika kulikuwa na maana gani. Bi Pasi alizitia chupa katika mifuko ya aproni, moja kulia, moja kushoto.

"Nipeleke hata leo. Lakini hizi naondoka nazo."

"Mtoto anaungua, Mama," mkwe alisema, na sasa machozi yalikuwa karibu.

"Mpunguzie nguo, mwanangu. Mpe maji kidogo kidogo. Hata hii ya homa itangoja mpaka mwenye kujua aiangalie. Mimi natangulia."

Akatoka na aproni yake, akikata mtaa kwa mwendo wa mtu aliyeitwa, huku vioo vikimgonga mapajani. Nyuma yake akafuata mwanawe, akimwita kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, na nyuma ya mwanawe mkewe na mtoto begani. Katika duka la dawa la kona ya mtaa palikuwa na foleni. Bi Pasi hakuruka foleni, na ni wakati akingoja ndipo mwanawe aliponipigia ile simu. Alisimama nyuma ya watu watano, amewapa kisogo mwanawe na maneno yake, mpaka akafika dirishani.

Mfamasia alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo. Aliigeuza chupa ya kwanza, akaigeuza ya pili, akaileta karibu na macho. Akauliza mtoto amekunywa zote mbili tangu lini. Bi Pasi akajibu bila kupunguza: jana mara tatu, leo asubuhi mara moja, kwa mkono wangu. Binti akaomba mtoto awekwe kwenye mizani, kilo kumi na moja, akaandika hesabu pembeni mwa gazeti.

Kisha aliwaambia wote watatu, akimtazama zaidi mpima ardhi. Dawa ya homa ni parasetamoli. Hii ya mafua nayo ina parasetamoli, imechanganywa na vitu vingine ambavyo mtoto wa umri huu hafai kupewa bila daktari. Kipimo hufuata uzito wa mtoto na hupimwa kwa bomba lililokuja na dawa, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Baina ya dozi na dozi zipite saa nne hadi sita, na zisizidi nne katika saa ishirini na nne. Ikizidi huumiza ini, na ini halipigi kelele mapema. Kwa hiyo asipewe tone lingine sasa. Apelekwe hospitali saa hii hii, aende na chupa zote mbili, hata kama anaonekana mzima.

Mpima ardhi aliuliza kwa nini basi wameandika mafua kwa herufi kubwa namna ile. Mfamasia akamwambia kwamba wengi wanaojua kusoma huishia hapo.

Hospitali walimpima damu, wakamweka kitandani chini ya uangalizi, wakapima tena. Ini lilikuwa salama. Jumapili homa ilishuka yenyewe, na yule mume mdogo wa bibi akarudi kwenye kazi yake ya kumwaga maji sakafuni. Chupa ya mafua haikurudi nyumbani. Karatasi ya majua ilichorwa upya ikiwa na chupa moja, bomba moja, na visanduku vya kutia alama kila dozi inapotolewa, ili anayeingia kutoka kazini asimpe mtoto alichokwisha kupewa.

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba angalau mama yake alikuwa na uhakika, alibadilisha mazungumzo. Jibu nililipata kwa mkewe, miezi mingi baadaye. Bi Pasi hakuwa na uhakika hata kidogo. Katika kazi yake ile alama ilisema shuka ni la nani, haikusema limefumwa kwa uzi gani, naye alihofu kwamba neno lile refu huenda ni jina la kiwanda tu, kama alivyodai mwanawe. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Jumatatu, akifagia chumba cha mama mkwe, mke wa mpima ardhi alilikuta begi chini ya kitanda, nguo zote zimekunjwa ndani, na viatu vya safari juu yake. Bi Pasi alikuwa amelifunga Jumamosi ile mchana, katika zile dakika chache alizoingia chumbani, kabla hajaja sebuleni na kusema hampi.